Miti ya Chunguni na Hasara za Walioanza Kuitunza

Msonobari ukiachwa msituni waweza kufikia kimo cha mita 20 na kuzidi. Mti wa mbegu ile ile waweza pia kuishi miaka 300 ndani ya chungu kisicho na kina, kimo chake kisizidi urefu wa mkono wa mtu mzima, na shina lake likawa nene na lenye magamba kama la mzee mwenziwe wa msituni. Miti itunzwayo hivyo huitwa bonsai. Neno hilo ni la Kijapani: bon ni chungu kipana mfano wa sinia, na sai ni kupanda. Maana yake, basi, ni kitu kilichopandwa chunguni, wala halina fumbo zaidi ya hilo.

Nataka, msomaji, nikupe habari za miti hiyo. Vitabu vingi hukuonyesha picha za ile iliyosalimika, nawe ukafunga kitabu ukistaajabu. Mimi nitakueleza zaidi habari za iliyokufa, na za watu walioiua pasipo kukusudia. Watu hao walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa matajiri na wasomi wakubwa wa zama zao. Walinunua mti uliotunzwa na vizazi vitano vya watu, wakaumaliza kwa majira mawili.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja njiani. Watu hudhani kuwa kuna mbegu ya bonsai, yaani mbegu ya mti kibeti, kama vile kuna aina ya mbuzi wafupi. Haiko. Ukimtoa msonobari mzee katika chungu chake ukaupanda ardhini, utaanza kukua kama ndugu zake. Udogo wake hutokana na kukatwa: kukatwa ncha za matawi, na kukatwa mizizi, mara kwa mara, maisha yake yote. Kwetu Kenya mfano wake u karibu sana. Mchai ni mti. Ukiachwa bila kuchumwa wala kupogolewa huwa mrefu kupita nyumba. Lakini tangu chai ilipopandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903, watu wameuzuia kwenye kimo cha kiuno, na kila wiki au mbili vidole vya wachumaji huondoa majani mawili na chipukizi, na mti huo hukaa hivyo miaka 50 na zaidi ukiwa na afya njema. Hakuna mchumaji wa Kericho atakayekuambia kuwa michai yake ni midogo kwa sababu imenyimwa chakula. Likumbuke hilo, maana ndilo walilolikosa wageni wa kwanza waliokwenda Japani.

Asili ya sanaa hii haikuwa Japani, bali China. Karibu na mji ambao leo huitwa Xi'an liko kaburi la mwana wa mfalme aliyeitwa Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706. Katika ukuta wake imechorwa picha ya watumishi, na mmojawapo amebeba sinia yenye mawe na miti midogo. Wachina hata leo huiita sanaa yao penjing, yaani mandhari ya chunguni. Kutoka China ilivuka bahari pamoja na mambo mengine mengi ambayo Wajapani waliyapokea kwa jirani yao, na katika hati ndefu ya michoro iliyotengenezwa Japani mwaka 1309 twaona miti ya chunguni imepangwa kwenye ua wa mtu mkubwa.

Wajapani wana mchezo wa kuigiza wa kale uitwao Hachi no Ki, maana yake miti ya chunguni. Habari yake yahusu askari mmoja aliyefilisika. Usiku wa theluji mtawa msafiri alibisha hodi akiomba hifadhi. Mwenye nyumba hakuwa na kuni. Alikuwa amebakiwa na miti mitatu tu ya chunguni, mplamu, mcheri na msonobari, na mingine alikwisha kuitoa kwa ajili ya ufukara wake. Akaikata yote mitatu akaitia motoni ili mgeni apate joto. Baadaye ikadhihirika kwamba yule mtawa alikuwa Hojo Tokiyori, aliyekuwa mtawala mkuu wa nchi, naye akamtunukia askari yule mashamba matatu. Nakutajia habari hii kwa sababu moja. Watazamaji wa mchezo ule walitakiwa waumie moyo mkasi unapogusa miti, na mtu haumii kwa kitu asichokijua thamani yake. Maana yake ni kwamba mapenzi ya miti hii yalikwisha kuota mizizi kwa watu wa Japani miaka mingi kabla Mzungu hajaiona.

Basi hata mwaka 1853, Japani ilikuwa imejifungia milango yake kwa muda wa zaidi ya miaka 200. Mwaka huo manowari za Marekani zilitia nanga katika ghuba ya Tokyo, ambayo wakati ule iliitwa Edo, na milango ikafunguliwa kwa nguvu. Mwaka 1859 bandari ya Yokohama ikaanza kufanya biashara na wageni. Pamoja na hariri na vyombo vya kauri, wageni waliona miti midogo, wakaitamani. Miti hiyo ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1878, kisha tena mwaka 1889 na 1900, na mwaka 1910 ikaonekana London katika maonyesho ya Japani na Uingereza. Huko Yokohama kulikuwa na kampuni ya vitalu iliyochapisha orodha za bidhaa zake kwa Kiingereza na kusafirisha miti kwa meli hadi Ulaya na Marekani. Mtu wa London au New York aliweza kuagiza mti wa miaka 100 kama aagizavyo saa ya ukutani.

Na hapo ndipo maangamizi yalipoanza.

Fikiri, msomaji, habari ya mti huo. Umeondoka Yokohama, umesafiri majuma mengi ndani ya meli, wakati mwingine gizani. Umefika katika nyumba ya mtu mwenye mali. Atauweka wapi? Sebuleni, bila shaka, juu ya meza nzuri, wageni wake wauone. Nje ni majira ya baridi, na ndani moto wawaka mchana na usiku, hewa ni kavu, na nuru ni ile ipitayo dirishani penye mapazia mazito. Mwenye nyumba huona amemfadhili mgeni wake kwa kumtoa katika theluji. Kumbe amemwekea sumu. Misonobari, mireteni na momiji, ule mti ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, ni miti ya nchi zenye baridi. Baridi inapokuja hupumzika, kama mnyama alalaye pangoni, na mapumziko hayo ni sehemu ya uhai wake. Ukiunyima mti huo baridi mwaka hadi mwaka, hauna usingizi. Huendelea kuchipua bila nguvu, na hatimaye huchoka ukafa. Huko kwao Japani miti hii hukaa nje. Huingizwa ndani siku mbili tatu kwa heshima ya mgeni au sikukuu, kisha hurudishwa mahali pake penye jua na upepo.

Liko jambo la pili lililowapoteza, nalo ni la ajabu kidogo. Mti jamii ya mreteni, ambao ni ndugu wa mtarakwa wetu wa milimani, haukauki siku ile uliyokufa. Mizizi yaweza kuwa imeoza kabisa, na majani yakabaki ya kijani majuma mengi. Mwenye mti huendelea kuutia maji na kuwaonyesha rafiki zake kitu ambacho ni maiti. Siku majani yanapoanza kuwa na rangi ya kahawia, yeye huuliza, Jana nilifanya kosa gani? Hapati jibu, kwa kuwa kosa halikuwa la jana. Lilikuwa la miezi miwili nyuma. Ndiyo sababu watu wengi waliojifunza peke yao hawakujifunza chochote kutokana na hasara zao. Walipoteza mti wa pili kwa kosa lile lile la kwanza.

Walipoona miti yao yafa, na ya Wajapani yaishi, wageni walitunga maelezo. Walisema kwamba Wajapani wana siri wanayoificha. Wengine wakasema kwamba mti huo hufanywa mdogo kwa kunyimwa maji na chakula, kwamba ni mti ulioteswa, na kwamba sanaa yenyewe ni ukatili. Dhana hii ilienea sana, na mpaka leo utamsikia mtu akiisema. Madhara yake hayakuwa ya maneno tu. Mtu aliyeamini kuwa bonsai huishi kwa njaa aliunyima mti wake maji na mbolea, akidhani afuata desturi ya wenyewe. Hivyo uwongo juu ya kazi ya watu wengine ukawa ndio unaoiua miti.

Ukweli ni kinyume chake. Mti ulio katika chungu hauna pa kwenda kutafuta riziki. Mti wa shambani ukikosa maji huteremsha mizizi chini zaidi. Wa chunguni una udongo wa viganja vichache tu, na siku ya jua kali udongo huo waweza kukauka kabla ya jioni. Kwa hiyo huhitaji kutazamwa kila siku, na wakati wa joto hutiwa maji mara mbili au hata tatu kwa siku. Wajapani wana msemo kuwa kujifunza kutia maji huchukua miaka mitatu. Mwanagenzi aingiapo katika kitalu cha fundi hupewa kopo la maji kabla hajaruhusiwa kushika mkasi wa matawi. Vijana huona kazi hiyo ni ya kuwadharau. Lakini tazama ugumu wake: haiwezekani kumwambia mtu atie maji saa mbili asubuhi kila siku, maana mti huu wanywa sana na ule wanywa kidogo, siku hii ina upepo na ile ina mawingu. Lazima aangalie udongo wa kila chungu, mmoja mmoja, na katika kitalu kimoja vyungu vyaweza kuwa mamia.

Wengine, kwa hofu ya ukame, hufanya kosa la upande wa pili, wakauzamisha mti. Mizizi huvuta pumzi. Udongo uliojaa maji siku zote hauna nafasi ya hewa, na mzizi usiopata hewa huoza. Hapa chungu chenyewe kina hila ambayo yafaa uione kwa macho yako. Chukua sifongo, uloweshe mpaka ujae maji, kisha ulaze juu ya vidole vyako. Maji yatadondoka, halafu yatakoma. Sasa usimamishe wima kwa upande wake mrefu: utaona maji mengine yakitoka. Sifongo ni ule ule, lakini ukiwa umelala huhifadhi maji mengi kuliko ukiwa umesimama. Udongo ndivyo ulivyo. Katika chungu kifupi na kipana, maji hukaa chini bila kutoka, hata kama matundu yako wazi. Kwa hiyo mafundi wa Japani hawatumii udongo wa bustani. Hutumia chembechembe za udongo mgumu, waliouchekecha mpaka vumbi lote likaondoka, ili kati ya chembe na chembe hewa ipite. Mtu aanzaye, akiona mti wake umetoka katika vijiwe, huuhurumia akauhamishia katika udongo mweusi wenye rutuba. Amefanya wema, na mti umekufa.

Nina vijana chuoni ninakofundisha ambao huniuliza kwa nini mizizi ikatwe, ikiwa mizizi ndiyo kinywa cha mti. Swali ni zuri. Mizizi minene hushika ardhi. Inayonywa ni ile midogo mfano wa nywele. Mti ukikaa chunguni miaka kadhaa, mizizi huzunguka ukutani na kusongana mpaka maji hayapenyi tena. Basi kila miaka miwili au mitatu kwa mti mchanga, na baada ya muda mrefu zaidi kwa mti mzee, hutolewa, mizizi minene hupunguzwa, na udongo hubadilishwa, na vijizizi vipya huota. Kazi hiyo ina wakati wake, nao kwa miti mingi ya nchi za baridi ni mwanzo wa machipuo, kabla macho ya matawi hayajafunguka. Mwanafunzi asiye na subira huinunua miti yake Jumamosi, na siku hiyo hiyo hukata matawi, huzungusha waya kuyapinda, hukata mizizi na kuhamisha chungu. Kila tendo katika hayo mti waweza kulistahimili peke yake. Yote kwa pamoja hauyawezi.

Waya nao una habari yake. Tawi huzungushiwa waya wa shaba, au wa alumini siku hizi, likapindwa na kushikwa hivyo kwa miezi mpaka lizoee. Lakini mti hunenepa. Waya ukisahauliwa huzama katika gome na kuacha makovu yenye kuzunguka kama nyuzi za parafujo, na makovu hayo huchukua miaka mingi kufutika, au hayafutiki kamwe. Na katika msonobari, ukikata tawi lote la majani ukaacha kijiti kitupu, kwa kawaida hakichipui tena. Momiji utakusamehe, msonobari hausamehi. Wengi walijua tofauti hiyo baada ya mkasi kufanya kazi yake.

Sasa tuje kwa mtu mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa vema. Larz Anderson alikuwa balozi wa Marekani nchini Japani kwa miezi michache, mwishoni mwa mwaka 1912 na mwanzoni mwa mwaka 1913. Alipokuwa akirudi kwao alinunua miti isiyopungua 40 kutoka kampuni ile ya Yokohama, akaipeleka katika shamba lake la Brookline, karibu na Boston. Anderson alikuwa na jambo moja ambalo wanunuzi wenzake hawakuwa nalo: aliajiri watunza bustani Wajapani. Miti yake ikaishi. Baada ya kufa kwake, mkewe Isabel alitoa sehemu kubwa ya miti hiyo mwaka 1937 kwa bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard iitwayo Arnold Arboretum, na iliyosalia ikafuata baada ya Isabel kufariki mwaka 1948.

Ungetazamia kuwa miti hiyo imefika mikono salama, kwa maana pale palikuwa na wataalamu wa mimea wanaojulikana duniani kote. Walijua jina la kila mti kwa Kilatini. Hata hivyo miti ilianza kupungua, na katika miaka iliyofuata mingi ikapotea. Elimu ya mimea na elimu ya kuutunza mti mmoja katika chungu kimoja ni mambo mawili, na la pili halikuwa limeandikwa katika vitabu vyao. Hali ilitengenea pale ambapo bustani hiyo ilipata mtu wa kuishughulikia kazi hiyo hasa, Bi. Constance Derderian, aliyeanza mwaka 1969. Miongoni mwa iliyookoka ni miberoshi ya aina ya hinoki, jamii moja na saipresi tunazopanda kuwa ua, na mmoja wao umetunzwa tangu mwaka 1737. Kila mwaka majira ya baridi yanapokuja miti hiyo huingizwa katika jengo lenye ubaridi wa kiasi, unaozidi kidogo ule wa barafu: si nje kwenye jalidi kali ya Boston ipasuayo vyungu na kugandisha mizizi, wala si sebuleni penye moto. Tazama jinsi jibu lenyewe lilivyo jepesi, na idadi ya miti iliyokufa kabla halijapatikana.

Kwetu shida hiyo haiko, au tuseme imegeuzwa. Mtu wa Mombasa akiletewa momiji hana baridi ya kuulaza. Lakini mgumo hauna haja ya usingizi huo. Bila shaka umeuona mche wake ukiota katika ufa wa ukuta wa mawe, au juu ya mti mwingine, ukiwa na majani madogo na mizizi iliyojipinda, umeishi miaka bila kupandwa na mtu. Jamii ya migumo ni katika miti inayopendwa sana na watunzaji wa bonsai katika nchi za joto. Makosa ya maji, ya udongo mzito na ya haraka yangali yanamngojea mtu wa huku pia. Hayo hayajui mipaka ya nchi.

Huko Japani kwenyewe hasara hazikukosekana. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo, na baadhi ya wenye vitalu wakahama kwenda Omiya, kaskazini ya mji, wakitafuta nafasi, maji safi na udongo mzuri. Mwaka 1925 walianzisha kijiji chao, na masharti ya kuishi humo yalikuwa kwamba kila mtu awe na miti isiyopungua 10, afungue bustani yake kwa watazamaji, asijenge ghorofa, na ua wake uwe wa mimea. Kisha vikaja vita, na vitalu vingi vikakosa mikono. Mti usubirio maji kila siku hauwezi kumngoja bwana wake arudi vitani.

Baada ya vita ndipo jambo kubwa lilipotokea, ambalo kwa maoni yangu lilizidi kwa umuhimu maonyesho yote ya Paris na London. Mwaka 1952 fundi kijana aitwaye Yuji Yoshimura alianza kuwafundisha wageni mjini Tokyo. Mwaka 1957 akatoa kitabu kwa Kiingereza pamoja na Giovanna Halford, kinachoeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua. Kwa karibu miaka 100 Japani ilikuwa imeuza miti; sasa ilianza kutoa mafunzo. Baadhi ya wenzake hawakupendezwa, lakini ile siri iliyodhaniwa ikawa si siri tena: maji, udongo, majira na mkasi.

Katika California mwalimu mwingine alikuwa amekwisha kuanza. John Naka alizaliwa Colorado, Marekani, mwaka 1914, wazazi wake wakiwa Wajapani. Akapelekwa Japani akiwa na miaka 8, na babu yake akampa mapenzi ya miti. Alirudi Marekani mwaka 1935. Wakati wa vita, tangu mwaka 1942, serikali ya Marekani iliwaondoa watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi na kuwafunga makambini, na wengi wakaacha mashamba na bustani zao pasipo mtunzaji. Naka, ambaye alikuwa Colorado, alihamia Los Angeles mwaka 1946, na mwaka 1950 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha bonsai. Alifundisha mtu yeyote aliyetaka kujifunza, wa asili yoyote, naye akawa mwalimu wa Wamarekani wengi katika sanaa hii.

Kazi yake mashuhuri ni msitu mdogo wa mireteni uitwao Goshin. Miti yake ya kwanza alianza kuitengeneza mwaka 1948, na kiasi cha mwaka 1964 aliiunganisha katika chungu kimoja. Ikawa 7, kwa hesabu ya wajukuu wake wa wakati ule. Punde si punde miti ya nyuma ikaanza kufa. Huyu hakuwa mtu aanzaye. Alikuwa na miaka karibu 50, na wanafunzi wake walikuwa wengi. Alichunguza, akagundua kwamba maji hayakuwa yakitoka vema chini ya chungu. Lilikuwa kosa lile lile la sifongo uliolala. Akarekebisha njia ya maji, akapanda miti mingine badala ya iliyokufa, na kufikia mwaka 1973 wajukuu walikuwa 11, na miti ikawa 11. Mwaka 1984 aliutoa msitu huo uwe mali ya taifa, na hata leo uko Washington.

Uko pamoja na zawadi iliyotoka Japani. Marekani ilipotimiza miaka 200 tangu kujitangazia uhuru, yaani mwaka 1976, Wajapani waliwapa miti 53. Ilikuwa imewasili mwaka uliotangulia, ikakaa karantini karibu mwaka mzima kwa kuogopa wadudu na maradhi ya mimea. Safari hii miti haikutiwa sebuleni mwa mtu yeyote. Palijengwa mahali pake katika bustani ya miti ya taifa, akawekwa mtunzaji, Robert Drechsler, ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyo tu.

Mmoja wa miti hiyo ulikuwa msonobari mweupe uliotolewa na fundi Masaru Yamaki. Katika orodha ulikuwa na jina la mtoaji na umri wake, nao umetunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Hapakuwa na maelezo mengine ya kuutofautisha na wenzake. Mwaka 2001 vijana wawili kutoka Japani walifika Washington bila kutangulizwa na habari, wakaomba waonyeshwe mti wa babu yao. Ndipo watunzaji walipoambiwa kwamba familia ya Yamaki ilikuwa ikikaa Hiroshima, kiasi cha kilomita 3 kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipuka tarehe 6 Agosti 1945. Kwamba vioo vya nyumba vilivunjika na kuwajeruhi waliokuwa ndani. Na kwamba mti ule ulikuwa uani, nyuma ya ukuta mrefu wa kitalu, ukasalimika. Yamaki alipoutoa hakulitaja jambo hilo. Kwa muda wa miaka 25 watu wa Washington walikuwa wameutunza kwa maji na mkasi kama mti mwingine wowote katika ile 53.